Simu Inapolazwa Ubavu: Jinsi Programu Zinavyokabili Mgeuko wa Skrini

Na achukuliwe kwa mfano mhudumu wa afya anayeandikisha watoto waliochanjwa. Ameketi kivulini, simu ya mkononi imo kiganjani, na kwa muda wa nusu saa amekwisha kuingiza majina kumi na manne, pamoja na tarehe za kuzaliwa na aina ya chanjo aliyopewa kila mtoto. Mama wa mtoto wa kumi na tano anamkabidhi kadi. Mhudumu anaipokea kwa mkono mmoja, na ule wa pili, ulioshika simu, unainama. Skrini inajigeuza kutoka wima kuwa mlalo. Inapotulia, fomu ipo pale pale, lakini ni tupu. Majina kumi na manne yametoweka.

Hakuna kilichoharibika katika simu hiyo. Betri ni nzima, kumbukumbu haikujaa, wala mtandao haukukatika. Kosa limo katika programu: aliyeitunga hakufikiri kwamba chombo chaweza kugeuzwa wakati kazi ingali katikati. Mgeuko wa skrini ni jambo ambalo mtumiaji hulifanya mara nyingi kwa siku bila kuliwazia, lakini nyuma yake ziko hatua nyingi za fizikia, hesabu na utungaji wa programu. Hatua moja ikikosewa, hasara huwa ya mtumiaji.

SIMU INAVYOTAMBUA CHINI NI WAPI

Simu haina macho ya kuona imeshikwaje. Kinachoiarifu ni chombo kidogo kiitwacho akselerometa, yaani kipima mchapuko. Ndani yake kuna kipande cha silikoni kilichoning'inizwa kwa vijiti laini vya silikoni hiyo hiyo, ambavyo hufanya kazi ya springi. Kipande hicho kina meno yaliyopangwa mfano wa meno ya chanuo, nayo yameingiliana na meno mengine yasiyosogea. Nguvu ya uvutano wa dunia ikikivuta kipande upande mmoja, nafasi baina ya meno hubadilika. Mabadiliko hayo ni madogo mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, lakini yanatosha kubadili uwezo wa meno hayo kuhifadhi chaji ya umeme. Badiliko hilo la umeme ndilo linalopimwa na kugeuzwa kuwa tarakimu.

Vipimo huchukuliwa katika mihimili mitatu: wa kwanza hupita kutoka kushoto kwenda kulia kwa simu, wa pili kutoka chini kwenda juu, na wa tatu hutoka katika uso wa skrini kuelekea kwa msomaji. Simu ikisimamishwa wima na kutulia, uvutano wote wa dunia, ambao ni kama mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, huangukia mhimili wa pili. Ikilazwa ubavu, uvutano huo huhamia mhimili wa kwanza. Ikiwekwa mezani chali, mihimili miwili ya kwanza husoma sifuri na wa tatu hubeba vyote. Hapo simu haina njia ya kujua msomaji amekaa upande gani wa meza, na kwa hiyo huacha skrini ilivyokuwa mara ya mwisho.

Fikra ya kutumia kipimo hiki kugeuza skrini haikuanza na simu za leo. Mwaka 2000, Ken Hinckley na wenzake wa Microsoft Research walionyesha kompyuta ndogo ya mkononi waliyoifunga vitambuzi, kimojawapo kikiwa cha kupima mwinamo. Kompyuta hiyo iliweza kujigeuza yenyewe kutoka wima kuwa mlalo kwa kufuata ilivyoshikwa. Mwaka 2007 simu ya iPhone ilipoanza kuuzwa Marekani, akselerometa ilikuwamo, na tabia hiyo ikaenea kwa umma.

TATIZO LA NYUZI 45

Mtu aweza kudhani kwamba hesabu iliyobaki ni rahisi: mwinamo ukizidi nyuzi 45, skrini igeuzwe, ukipungua, irudishwe. Lakini mkono wa binadamu hautulii. Simu iliyoshikwa karibu na nyuzi 45 ingeyumba kati ya 44 na 46, na skrini ingegeuka huku na huku bila kikomo hata isisomeke.

Dawa yake ni kuweka mipaka miwili badala ya mmoja. Kwa mfano, skrini iliyo wima haigeuki mpaka mwinamo upite nyuzi 60, na ikishageuka hairudi mpaka mwinamo ushuke chini ya nyuzi 30. Kati ya mipaka hiyo hali iliyopo huendelea. Kanuni hii ndiyo inayotumika pia katika jokofu, ambalo haliwashi na kuzima mtambo wake kila joto linapobadilika kwa sehemu ya nyuzi. Zaidi ya hayo, vipimo huchujwa ili mtikisiko wa gari katika barabara mbovu usidhaniwe kuwa ni mgeuko, na husubiriwa kitambo kidogo kuhakikisha kwamba mwinamo ni wa kudumu.

Hata hivyo, uvutano hujua dunia iko wapi, haujui macho yako wapi. Mtu aliyejilaza kwa ubavu kitandani anashika simu sambamba na uso wake, lakini kwa akselerometa simu hiyo imelazwa. Ndiyo sababu watengenezaji waliweka kufuli ya mgeuko. Katika Android 9 ya mwaka 2018 kiliongezwa kitufe kidogo kinachojitokeza simu iliyofungwa kufuli hiyo inapoinamishwa, ili mtumiaji mwenyewe aamue. Na katika Android 12 ya mwaka 2021, baadhi ya simu zilianza kutumia kamera ya mbele kutazama uso umeelekea wapi kabla ya kugeuza skrini.

KIDHIBITI MWONEKANO NA KAZI YAKE

Mfumo wa simu ukisharidhika kwamba chombo kimegeuzwa, hutoa taarifa kwa programu iliyo mbele. Taarifa ya namna hii huitwa tukio. Swali ni hili: ndani ya programu, nani huipokea?

Jibu lake lina asili ya mwaka 1979. Wakati huo Trygve Reenskaug, mtaalamu kutoka Norway, alikuwa mgeni katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California. Alipendekeza programu yenye skrini igawanywe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kiini, yaani data zenyewe: majina, tarehe, hesabu. La pili ni mwonekano, yaani sura ya data hizo katika skrini. La tatu ni kidhibiti, ambacho hupokea matendo ya mtumiaji na kuyaunganisha mafungu mawili ya kwanza. Faida ya mgawanyo huu ni kwamba sura yaweza kubadilishwa bila kugusa data.

Inafaa ikumbukwe kwamba skrini za siku hizo hazikugeuka. Kompyuta ya Alto, iliyoundwa katika kituo hicho hicho mwaka 1973, ilikuwa na skrini ya wima yenye nukta 606 kwa upana na 808 kwa urefu, ili ifanane na ukurasa wa karatasi. Mtunga programu alijua vipimo vyake, na vipimo hivyo havikubadilika. Lakini mgawanyo wa Reenskaug ndio uliokuja kuwa msingi wa programu za simu. Katika programu za iPhone, kila ukurasa unaoonekana una msimamizi wake aitwaye kidhibiti mwonekano. Ukurasa wa orodha una wake, na ukurasa wa fomu una wake. Vidhibiti vyaweza pia kubebana: mzazi mmoja akabeba watoto kadhaa, kila mmoja akisimamia sehemu yake ya skrini.

Simu inapogeuzwa, mambo hufuatana hivi. Kwanza, mfumo humwuliza kidhibiti husika kama anaukubali mwelekeo mpya. Akiukataa, skrini haibadiliki. Akiukubali, hupewa taarifa kabla ya badiliko, pamoja na upana na urefu mpya utakaokuwapo. Hapo ana nafasi ya kujiandaa. Kisha mfumo huzungusha dirisha la programu, na viungo vya ukurasa husogezwa kwenye nafasi zake mpya kwa mwendo laini unaochukua sehemu ya sekunde. Mwisho hutolewa taarifa kwamba mgeuko umekamilika.

Makosa mawili hutokea mara kwa mara katika hatua hizi. La kwanza ni la mzazi anayepokea taarifa na kuikalia. Yapasa aipitishe kwa watoto wake. Asipofanya hivyo, sehemu wanazozisimamia hubaki na vipimo vya zamani, na ukurasa huonekana umekatika. La pili ni la kuchanganya mwelekeo wa chombo na mwelekeo wa picha. Chombo kikizungushwa kuelekea kushoto, picha lazima izungushwe kuelekea kulia ili ibaki wima mbele ya msomaji. Kwa hiyo katika mfumo wa Apple, chombo kilicholala kwa kushoto kinaandamana na picha iliyolala kwa kulia. Mtunga programu asiyelijua hilo huishia na picha iliyosimama kichwa chini.

IDHINI ILIVYOHAMA

Utaratibu huu haukubaki namna moja. Hapo mwanzo, kuanzia mwaka 2008 watunga programu wa nje walipofunguliwa mlango, kila kidhibiti aliulizwa swali moja kwa kila mwelekeo: unakubali au hukubali? Asiyejibu alihesabiwa kuwa anakubali wima tu.

Mwaka 2012, katika iOS 6, Apple ilibadili kanuni. Idhini ikahamishiwa kwa kidhibiti wa juu kabisa, yaani yule aliyebeba wengine wote au aliyetanda skrini nzima. Programu nyingi zilizotegemea jibu la kidhibiti wa ndani zilijikuta zikigeuka pasipotakiwa, au zikikataa kugeuka. Mwaka 2014, katika iOS 8, likaja badiliko kubwa zaidi: taarifa za kugeuka kwa mwelekeo ziliachwa, na mahali pake ikawekwa taarifa moja ya kubadilika kwa ukubwa. Kidhibiti haambiwi tena kwamba simu imelala. Anaambiwa kwamba nafasi yake sasa ina upana fulani na urefu fulani.

Sababu ya badiliko hilo ilidhihirika mwaka uliofuata. Katika iOS 9 ya mwaka 2015, iPad iliruhusu programu mbili zikae bega kwa bega katika skrini moja. Mtumiaji akisogeza mpaka ulio katikati, programu hupungua upana bila chombo kugeuzwa hata kidogo. Android nayo iliingiza madirisha ya namna hiyo katika toleo la 7.0 la mwaka 2016, na mwaka 2019 zikaingia sokoni simu zenye skrini inayokunjwa. Programu iliyozoea kuuliza "simu imelala au imesimama?" haikuwa na jibu la kufaa. Ile iliyouliza "nina nafasi kiasi gani?" iliendelea kufanya kazi.

HESABU YA KITUFE KILICHOPOTEA

Jinsi sura inavyoharibika inaweza kuonyeshwa kwa hesabu nyepesi. Skrini ya iPhone ya kwanza ilikuwa na nukta 320 kwa upana na 480 kwa urefu. Ikiwa mtunga programu aliweka kitufe cha "Hifadhi" nukta 440 kutoka juu, kitufe hicho kilionekana vizuri karibu na ukingo wa chini. Simu ilipolazwa, urefu ulishuka kuwa 320. Kitufe kikabaki pale pale kwenye 440, yaani nukta 120 nje ya skrini. Kilikuwapo, lakini hakuna kidole kilichoweza kukifikia.

Dawa ni kuacha kutaja mahali na badala yake kutaja uhusiano. Badala ya kusema "nukta 440 kutoka juu", husemwa "nukta 40 kutoka ukingo wa chini". Simu ikiwa wima, 480 kutoa 40 ni 440. Ikiwa mlalo, 320 kutoa 40 ni 280. Vivyo hivyo, kitufe kikiambiwa upana wake uwe sawa na upana wa skrini kutoa 40, kitakuwa na nukta 280 katika wima na 440 katika mlalo. Kanuni moja hutoa majibu mawili sahihi.

Ukurasa wenye viungo vingi huwa na milinganyo mingi ya aina hii, nayo yote hutakiwa kutatuliwa kwa pamoja na kwa haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Alan Borning na Greg Badros wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, pamoja na mwenzao Peter Stuckey wa Australia, walibuni njia ya kihesabu ya kuitatua, wakaiita Cassowary kwa jina la ndege mkubwa asiyeruka. Njia hiyo ndiyo Apple iliyoitumia katika mpangilio wake wa kujiendesha, ulioingizwa katika iPhone mwaka 2012.

Hata milinganyo iliyo sahihi haitoshi bila busara. Katika iPhone za mwanzo, kibodi ya skrini ilichukua nukta 216 za urefu simu ikiwa wima, na 162 ikiwa mlalo. Kwa hiyo mwandikaji alibakiwa na nukta 264 katika wima, lakini 158 tu katika mlalo. Kisanduku anachokiandika chaweza kufunikwa kabisa na kibodi. Ndiyo maana fomu nzuri hujisogeza yenyewe mpaka kisanduku kinachoandikwa kionekane.

UKURASA UNAOBOMOLEWA NA KUJENGWA UPYA

Hadi hapa maelezo yamehusu sura. Lakini majina kumi na manne ya mhudumu wa afya hayakupotea kwa sababu ya sura mbaya. Ili kujua yalikokwenda, haina budi kutazama namna Android inavyofanya kazi.

Katika iPhone, kidhibiti hubaki hai wakati wa mgeuko. Kinachobadilika ni vipimo tu. Android, tangu simu yake ya kwanza ya mwaka 2008, ilifuata njia nyingine. Kwa kawaida yake, simu ikigeuzwa, ukurasa uliopo hubomolewa wote pamoja na kidhibiti chake, kisha hujengwa mpya. Sababu yake ina mantiki: huenda mtunga programu ameandaa mchoro mmoja wa wima na mwingine wa mlalo, na njia ya hakika ya kuchukua mchoro ufaao ni kuanza upya.

Gharama yake ni kwamba chochote kilichowekwa ndani ya kidhibiti hufa pamoja nacho. Mfumo huokoa wenyewe baadhi ya mambo, kama vile maandishi yaliyomo katika kisanduku chenye utambulisho wake. Lakini orodha ya watoto ambayo programu iliitunza katika kumbukumbu ya ukurasa, mfumo hauijui. Kabla ya kubomoa, humpa kidhibiti nafasi ya kufunga mzigo mdogo wa kumkabidhi mrithi wake. Asiyefunga mzigo, mrithi huanza mikono mitupu.

Ziko hasara nyingine zisizoonekana haraka. Kidhibiti akiwa ametuma kazi mbali, kwa mfano kuomba data kutoka kompyuta kuu, jibu laweza kurudi na kumkuta amekwisha kubomolewa. Programu ikaanguka ghafla. Na kama ombi hutumwa kila ukurasa unapojengwa, basi kila mgeuko hutuma ombi jipya. Ikiwa ombi lenyewe ni la malipo, mtumiaji huwa katika hatari ya kulipa mara mbili kwa kugeuza mkono tu.

Mwaka 2017 Google ilitoa nyenzo iitwayo ViewModel, ambayo hutunza data nje ya ukurasa, mahali pasipoguswa na mgeuko. Ukurasa mpya ukijengwa, hukuta data zake zikiusubiri. Kwa hakika hilo ni shauri lile lile la mwaka 1979: kiini na mwonekano visifungwe pamoja.

KUFUNGA MLANGO SI DAWA

Wako watunga programu ambao, kwa kuchoshwa na haya yote, huamua programu yao isigeuke kabisa. Uamuzi huo una mahali pake. Picha ya vibao vya piano, kwa mfano, haina maana katika skrini nyembamba ya wima.

Lakini mara nyingi mlango huo humfungia nje mtu asiyeweza kujitetea. Mtu mwenye ulemavu wa mikono ambaye simu au kompyuta yake imefungwa kwa skrubu kwenye kiti cha magurudumu hawezi kuigeuza. Ikiwa imefungwa mlalo na programu inadai wima, itambidi asome kwa kulaza shingo, au asisome. Kwa sababu hiyo, mwaka 2018 shirika la World Wide Web Consortium liliweka katika kanuni zake za ufikivu, toleo la 2.1, sharti kwamba maudhui yasifungiwe katika mwelekeo mmoja ila pale ambapo mwelekeo huo ni wa lazima. Mwaka 2025, Android 16 ilikwenda mbali zaidi: kwenye skrini kubwa, programu zilizotungwa kwa ajili ya toleo hilo haziwezi tena kulazimisha mwelekeo kwa kawaida, isipokuwa michezo na zile zilizoomba kusamehewa kwa muda.

Kinachobaki, basi, ni kuitunga programu ikitarajia kugeuzwa. Data na zitunzwe mbali na ukurasa, na kila jina linaloingizwa liandikwe mara moja katika hifadhi ya kudumu, lisisubiri kitufe cha mwisho. Viungo na vipangwe kwa uhusiano, si kwa nukta zilizohesabiwa kwa skrini moja. Ombi la malipo na lipewe namba yake, ili likirudiwa lijulikane kuwa ni lile lile. Kisha programu ijaribiwe kwa mkono: igeuzwe fomu ikiwa tupu, igeuzwe ikiwa nusu, igeuzwe kibodi ikiwa wazi, igeuzwe jibu likiwa njiani. Simu za Android zina hata chaguo la watunga programu linalobomoa kila ukurasa mara tu unapoachwa, ili udhaifu wa aina hii ufichuke mapema.

Jaribio hilo huchukua dakika chache mezani kwa mtunga programu. Lisipofanywa hapo, litafanywa kivulini na mhudumu wa afya, mbele ya akina mama waliokwisha kuanza kuondoka na kadi zao.